Kanda Aliyoiacha Mama

Kijana tunayepakana naye vibanda pale sokoni Mugumu anaitwa Mwita, na kazi yake ni kuingiza nyimbo kwenye memori kadi za watu. Mimi nauza mitumba, yeye anauza kelele, tumezoeana. Wateja wake hawaulizi albamu. Mtu anakuja anasema, "Niwekee ule unaovuma sasa hivi," na mwingine hata wimbo mzima hautaki, anataka kile kipande cha kuchezea tu akiweke kwenye simu. Siku moja nilimuuliza Mwita kama bado kuna mtu anayesikiliza albamu nzima, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Akacheka mpaka akaweka simu ya mteja chini.

"Albamu nzima ya nini, mama? Nyimbo mbili ndiyo nyimbo, zingine za kujazia. Nani ana muda huo?"

Angekuwa ameyasema hayo mbele ya Bibi yangu, angejibiwa kwa kifimbo.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka redio ya betri. Mnakumbuka betri zinavyonukia zikianikwa juani ili zipate nguvu za kumalizia wiki, harufu kama ya chuma kilicholowa. Mnakumbuka jinsi sauti ya mwimbaji ilivyokuwa ikizama betri zikiisha, mtu akaanza kuimba kama mlevi anayesinzia. Mimi harufu hiyo ikinipata popote, natafuta mahali pa kukaa. Kwangu haileti furaha ya zamani. Inaniletea boma letu la Nyangoto na kanda moja ya muziki, na mtu niliyempoteza kwa sababu sikuisikiliza kanda hiyo mpaka mwisho.

Nyumbani tulikuwa watatu, Bibi, Mama na mimi. Mwanaume hakuwepo, na si kwamba alikufa au alikimbia. Bibi alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, basi akafanya kile ambacho mila yetu sisi Wakurya inamruhusu mwanamke wa namna hiyo kufanya: alitoa ng'ombe, akaoa mke wa kumzalia watoto na kumjengea nyumba yake. Sisi tunaiita nyumba ntobhu. Mke huyo ndiye mama yangu, aliyetolewa kwao Ikoma, ng'ambo ya Mto Mara, akiwa bado msichana. Ng'ombe walikwenda huko, yeye akaja huku. Watoto wa shule waliponiuliza baba yangu ni nani, nilijibu nilivyofundishwa, kwamba baba yangu ni Bibi, na wala hawakucheka, kwa sababu hata darasani sikuwa peke yangu. Mwanaume aliyenizaa hakuwa na jina kwetu. Nilipomuuliza Bibi, alinigonga kidogo kichwani kwa kidole.

"Wewe, nani anakulisha?"

"Ni wewe, Bibi."

"Nani ana zizi?"

"Ni wewe."

"Sasa unatafuta baba gani mwingine? Chota maji."

Redio ilikuwa ya Bibi. Kanda ilikuwa ya Mama. Aliileta kwenye sanduku lake la bati siku aliyoletwa, pamoja na nguo zake na kioo kidogo, na nadhani ndicho kitu pekee katika boma lile ambacho hakikununuliwa kwa ng'ombe wa mtu. Karatasi ya juu ilikuwa imefutika kwa jasho la mikono. Aliyeimba alikuwa mpiga litungu, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, mtu wa kwetu ambaye mama yake alitoka Ikoma. Zaidi ya hapo tulisikia tu kwamba anakaa mpakani Sirari; sura yake hatukuijua. Litungu likianza, hulisikii masikioni kwanza, unalisikia tumboni.

Bibi alikuwa na sheria juu ya kanda ile. Ilianza na salamu na ilimalizika na kuaga, na katikati ilipita mambo ya watu kwa mpangilio: mvua, ng'ombe, vijana wa rika, arusi, msiba. Ukiiweka, unaiweka tangu mwanzo, na hukohoi ovyo.

"Kanda ni boma," alikuwa akisema. "Boma lina lango. Mtu mwema anapita langoni, anasalimia, anakaa, anaaga, anatoka alikoingilia. Anayeruka ua ni mwizi wa ng'ombe."

Na alimaanisha. Ng'ombe wakishakamuliwa na ugali ukishaliwa, alivuta kigoda, akaweka redio juu ya debe, akabonyeza. Mwimbaji aliposalimia wenye boma, Bibi aliitikia kwa sauti, kama vile mtu amesimama mlangoni. Aliposalimia vijana, Bibi alinyamaza akanitazama mimi, kwa vile nyumba yake haikuwa na kijana. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye ngozi karibu na mafiga. Upande wa kwanza wa kanda naujua mpaka leo, ningeweza kuuimba wote bila kukosea. Ule wa pili siujui. Nilikuwa nikisikia kanda inatolewa na kugeuzwa, ule mlio wa kifuniko kufungwa, na hapo hapo usingizi unanibeba. Asubuhi najikuta kitandani.

Mama yeye alikuwa mwizi wa ng'ombe. Bibi akienda mnadani au joshoni, Mama aliitoa kanda sandukuni, akaingiza kalamu kwenye kitundu chake akaanza kuizungusha hewani, kwa sababu kuirudisha au kuipeleka mbele kwa redio kulimaliza betri na Bibi angejua. Alikuwa haangalii. Alizungusha huku akitazama njia, akasimama, akaiweka, na litungu likaanza pale pale alipotaka: wimbo wa tatu wa upande wa pili. Huo mmoja tu. Ukiisha, kabla hata uzi wa mwisho haujatulia, kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza.

Wimbo huo ndio pekee katika kanda nzima ulioimbwa kwa Kiikoma. Kiikoma na Kikurya ni ndugu, lakini ni ndugu wa kutembeleana kwenye misiba tu. Nilikuwa nakamata neno moja na kukosa mengine yote. Nilisikia "njoo." Nilisikia "mto." Nilisikia sauti ya mwimbaji imelainika kuliko kwenye nyimbo nyingine zote, kama mtu anayeongea na mtu mmoja. Na nilimwona Mama. Alikaa chini na miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani viganja juu, kitu ambacho hakukifanya wakati mwingine wowote wa mchana, maana mikono yake siku zote ilikuwa na kazi.

"Mama, huyu mtu anamwita nani?"

"Anamwita mtu wake."

"Wewe unamjua?"

"Nayajua maneno yake."

Mtoto wa umri ule akipewa vijiti viwili anajenga nyumba. Mwanaume anaita kwa sauti laini. Mama yangu, ambaye hana mume wa kiume, anamsikiliza kwa kujificha. Mimi sina baba mwenye jina. Nikamaliza hesabu yangu peke yangu: yule wa kwenye kanda ndiye baba yangu, na siku moja atakuja na litungu lake mgongoni atuite mtoni. Nikampa sura. Nilimpa urefu, nikampa mwanya wa meno kama wangu. Nikienda kuchunga mbuzi nilifanya mazoezi ya kumsalimia. Shikamoo, baba. Mbuzi wale walisalimiwa sana.

Kuna jioni moja siwezi kuiondoa kichwani. Bibi alikuwa ameweka kanda tangu langoni kama kawaida yake, tumefika mwisho wa upande wa kwanza, na macho yangu yameshaanza kufumba. Mama akachota maji kwenye kata, akanipaka usoni. Maji ya baridi. Akaniinua nikae.

"Leo usilale," akaniambia. "Leo sikiliza upande wa pili mpaka mwisho."

"Nina usingizi, Mama."

"Jikaze, mwanangu. Mara moja tu."

Bibi akageuka na kanda mkononi. Alimtazama Mama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anavyomtazama ng'ombe anayeuelekea ua mahali palipo dhaifu.

"Mwache mtoto alale," akasema.

Na mimi, nilifanya nini? Nililala. Nilikuwa mtoto, watoto wanalala, sijilaumu kwa hilo na mtu asinilaumu. Lakini ningetoa kila nilicho nacho kwenye kibanda changu leo ili nikae macho jioni ile.

Mambo ya nyumba yetu yalianza kuharibika kwa sababu yangu, kwa maana ya kwamba nilizaliwa msichana. Bibi alitaka mura, kijana wa kushika zizi. Mimba zilizonifuata hazikukaa. Ndugu za marehemu mume wa Bibi wakaanza kuja kunywa togwa na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba shamba lisilotoa linabadilishwa mbegu, aolewe mke mwingine. Mama alikuwa anawawekea togwa hiyo kwa magoti, akisikia.

Halafu siku moja Bibi alirudi mapema kutoka joshoni, akamkuta Mama katikati ya wimbo wake. Nilidhani atampiga. Alisimama tu mlangoni, ameegemea kifimbo, wimbo ukaendelea mpaka ukaisha na Mama akabonyeza kama kawaida yake.

"Unaruka ua," Bibi akasema.

"Nisamehe, mama. Ni huu mmoja tu. Zingine zote ni zako."

"Nakuuliza, ukiruka ua unakwenda wapi?"

Bibi akaibeba redio akaiingiza chumbani kwake, na kuanzia siku hiyo ililala huko. Kanda alimwachia. Mimi nilimwonea Bibi hasira kubwa, nikidhani amemfungia baba yangu chumbani.

Mvua za masika zilipoanza, Mama aliondoka. Niliamka nikakuta moto haujawashwa. Sanduku la bati lilikuwa wazi, nguo hazipo, kioo hakipo. Kanda ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya mfuko wangu wa shule, katikati ya daftari, imefungwa kwenye kitambaa alichokuwa akijifunga kichwani.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Sikujiuliza kwa nini ameiweka kwangu. Nilijiambia hivi: ameiacha kwa kuwa haihitaji tena. Amekwenda kwa mwenye sauti. Mtu akishafika kisimani abebe kibuyu cha nini? Na jirani mmoja alisema alimwona asubuhi akishika njia inayokwenda barabara ya Sirari, yanakopita mabasi ya kila upande, na kila mtu alikuwa akisema mwimbaji anakaa huko mpakani. Nikaona yote yamekaa sawa. Nilichokosa ni nafasi tu ya mimi pia kuitwa.

Bibi alimtafuta. Alikwenda Ikoma kwa wakwe zake, akakaa huko siku kadhaa, akarudi na tope mpaka magotini. Nilikuwa nimemsubiri langoni. Hakunipita. Alinishika bega, akaniegemea kana kwamba mimi ndiye kifimbo.

"Hayuko," akasema. "Kwao wanasema hawajui aliko. Wewe unakaa hapa. Hapa ndiyo kwenu."

Kwa muda mrefu boma letu halikusikia muziki. Halafu jioni moja, bila kunitazama, Bibi akasema nilete kanda. Nikaileta. Nikamuuliza kama niiweke mwanzo.

"Hapana," akasema. "Niwekee ule wa mama yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Bibi, mwenye lango na heshima zake! Nikachukua kalamu nikazungusha kama nilivyomwona Mama akifanya, nikapita mbele sana, nikarudi nyuma, yeye ananingojea bila kunifokea. Wimbo ulipoanza alifumba macho. Lakini mkono wake ulikuwa kwenye redio, kidole kimekaa juu ya kitufe, na wimbo ulipokwisha alibonyeza haraka, kwa haraka ile ile ya Mama.

"Hatumalizii, Bibi? Hatumuagi?"

"Leo tunatokea hapa."

Ikawa hivyo kila jioni. Huo mmoja, kisha kidole. Mimi niligusa redio siku moja tu nikitaka kuacha iendelee, akanipiga kwenye mkono, na Bibi hakuwa mtu wa kunipiga hivyo. Nilidhani anamkomoa mwimbaji kwa kumnyima nafasi ya kuaga. Wivu, nilidhani, wa watu wazima.

Kanda haipendi kuchezwa mahali pamoja. Utepe wake ulichoka pale pale, siku moja redio ikautafuna. Bibi akauvuta polepole ukatoka wote, akaulaza mapajani akiupitisha vidoleni, kama wale wazee wanavyoupitisha utumbo wa mbuzi wakitafuta habari za mbele. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia hata kwenye mazishi. Nilimwambia tupeleke kwa fundi wa Tarime mjini, akasema fundi hawezi. Nadhani aliutupa motoni, maana kesho yake palinuka plastiki, na mimi nikabaki na kitambaa.

Bibi alipofariki, ndugu za mumewe walikuja kuchukua ng'ombe na ardhi, maana nyumba haikuwa na mura. Redio waliibeba pia. Mimi niliolewa ng'ambo ya Mto Mara, huku Serengeti, nikazaa, nikaachika, nikaanza kuuza mitumba. Na miaka yote hiyo nilikuwa namtafuta mwimbaji. Kila arusi yenye litungu nilisogea mbele niangalie meno ya mpigaji. Nilifika Sirari, nikauliza mpaka upande wa Kenya. Mzee mmoja akaniambia yule mtu alishakufa siku nyingi, hakuwa na mke wa Ikoma, wala hakuwahi kukaa na mwanamke wa kutoroka. Nikafikiri ananificha. Nilirudi Mugumu nikajifungia ndani nikamlilia baba yangu, na Mama nikamhesabu kuwa amepotelea huko huko, mahali pasipo na wa kuulizwa.

Sasa nirudi kwa Mwita na kelele zake. Mwaka huu mzee mmoja alimletea kanda zilizokuwa zimelala sandukuni, akitaka ziingizwe kwenye simu ya mwanawe. Mwita hakujua pa kuzikata. Kila kanda akaimwaga kwa mkupuo, pande zote mbili zikawa wimbo mmoja mrefu usiorukika, akaacha inacheza kwenye spika huku akifanya kazi nyingine. Nilikuwa nakunja masweta. Litungu likanipiga tumboni kabla sijalisikia, na mwimbaji akasalimia wenye boma. Niliitikia kwa sauti, kama Bibi. Mwita akageuka kunitazama.

"Mama, uko sawa?"

"Usizime," nikamwambia. "Mwanangu, tafadhali usizime."

Nilikaa juu ya furushi la nguo. Wateja walikuja wakaondoka. Upande wa kwanza ukapita wote, mvua, ng'ombe, vijana. Ukaja wa pili, na nikagundua kwamba sikujua hata unaanzaje. Ukafika wimbo wa tatu. Njoo. Mto. Ulipokwisha, nawaambieni kweli, kidole changu kilibonyeza hewa. Lakini hapakuwa na kitufe, na kanda ikaendelea.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa Kikurya kitupu. Mwimbaji alianza kwa kusema, bila kuimba, litungu likimfuata chini chini: ninyi msiosikia maneno ya Ikoma, msidhani nimeimba mapenzi. Anayeita si mwanaume. Ni mwanamke aliyerudi kwao. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake wameshamwolea kaka yake mke, hawarudishiki, na mtoto ni wa boma lililotoa ng'ombe. Kwa hiyo yeye haruhusiwi kuvuka. Anasimama ukingoni anamwambia mwanawe: mimi sivuki, wewe ndiye utakayevuka. Ukikua, njoo. Niko kwetu.

Kisha akaimba hayo yote tangu mwanzo, polepole, kwa lugha ambayo hata mtoto mwenye usingizi angeielewa.

Kutoka Mugumu hadi Ikoma ni safari ya asubuhi moja. Niliishi na safari hiyo mbele yangu miaka yote. Nilipofika, nikaulizia ukoo, wakanionyesha mji wa mjomba. Mjomba alishakufa. Mkewe alikuwa anapepeta ulezi, yule aliyeolewa kwa ng'ombe wa mama yangu, mwanamke mzee sasa. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku ananitazama kinywa, na ungo ukamtoka mikononi.

"Una meno ya mama yako," akasema. "Umechelewa, mwanangu."

Alinipa kigoda. Nikamuuliza kama Bibi yangu alifika pale zamani.

"Alifika. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akala ugali wangu. Mama yako alikuwa ndani. Alikataa kurudi, na ng'ombe hawakuwepo wa kurudisha, ng'ombe ni mimi hapa. Basi wazee wakakata maneno: ng'ombe wabaki, mtoto abaki, na mama yako asikanyage kwenu tena. Bibi yako alilia, mama yako alilia. Mimi nilikuwa nimeshika mtoto wangu, sikujua niweke macho wapi."

"Aliishi wapi?"

"Hapa hapa. Alifua mashuka kwenye hoteli za watalii karibu na geti la hifadhi. Akajenga kibanda kule mwisho. Tulimwambia, tuma mtu kwa siri akamwite. Anasema hapana, nilikula kiapo mbele ya wazee, na tena mwanangu anajua nilipo. Nimemwachia kanda. Siku moja ataisikiliza mpaka mwisho." Mke wa mjomba aliokota ungo, akaushika bila kupepeta. "Miaka ikaenda. Akawa anasema, labda redio yao imeharibika. Baadaye akawa hasemi."

Mama alifariki kabla ya mvua hizi. Kaburi lipo nyuma ya kibanda, udongo bado haujakaa vizuri, na mtu amelizungushia miiba ili fisi wasifukue. Nilisema shikamoo, Mama, nikakaa chini kwenye nyasi, miguu nimeinyoosha, mpaka mke wa mjomba akaja kuniinua.

Bibi alijua. Hilo ndilo linalonila. Alikuwa ameisikia kanda nzima, mara nyingi kuliko sisi sote, langoni hadi langoni, na alijua vizuri kabisa ni nini kinachofuata baada ya wimbo wa Mama. Alikuwa na mimi tu. Najaribu kumchukia, nashindwa, maana naukumbuka mkono wake begani kwangu siku ile ya tope. Kisha nakikumbuka kidole chake juu ya kitufe, nashindwa kumsamehe pia.

Niliporudi sokoni, Mwita aliniuliza kwa upole, kwa maana alishaona kuna jambo, "Mama, nikukatie ule mmoja ulioupenda? Nikuwekee kwenye simu uwe peke yake?"

Nikamwambia aniwekee kanda nzima, ilivyo.

Huwa naiweka Jumapili, kibanda kikiwa kimefungwa. Mwimbaji akisalimia namwitikia, ukija wimbo wa Mama nauacha upite, na unaofuata nauacha upite, mpaka ng'ombe waingie zizini naye aage. Muziki ni mzuri. Haunisaidii chochote. Upande wa pili ukianza, kuna mahali usoni, chini ya macho, ambapo bado nasikia yale maji ya baridi. Silali tena, Mama. Niko macho kabisa, nimeshavuka, na hakuna mtu ng'ambo.